Daftari la Sijui

Wambui, wewe na wenzako mnaokuja hapa Ruiru kila Jumamosi kunimalizia chai, mmeniuliza mara nyingi kuhusu lile daftari jekundu mezani, lenye kalamu iliyofungwa kwa kamba kama ya benki. Leo nitawaambia. Lakini kwanza mmoja aende jikoni alete mandazi, maana maneno ya meli na barafu hayawezi kuliwa makavu.

Mnaniita shosho, yaani bibi kwa Kikuyu. Kwetu Bungoma ningeitwa kukhu, lakini mimi nimezaliwa Makongeni, mtaa wa Thika, nimekua na watoto wa Wakikuyu, na shosho nimeikubali zamani. Baba alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha nguo Thika. Mama aliuza maharagwe na mahindi sokoni. Mimi masomo ya uinjinia yalinipeleka nchi ya baridi, huko juu kabisa kaskazini, na huko nikachora meli za mizigo zinazopita penye barafu mpaka nilipostaafu. Msinitazame hivyo. Mtu wa Makongeni anaweza kuchora meli. Karatasi ni karatasi tu.

Siku yangu ya kwanza ofisini, mkubwa wa wachoraji aliniuliza najua nini kuhusu barafu. Nikamwambia ukweli: najua ile ya rangi tuliyokuwa tukinunua nje ya geti la shule, kwenye kikaratasi cha nailoni, na kwamba ya machungwa ilikuwa tamu kuliko nyekundu. Ofisi nzima ikageuka kunitazama. Yule mzee akacheka mpaka miwani ikamwanguka. Jina lake Arvo, mrefu, sweta limetoboka viwiko vyote viwili, na huyo ndiye aliyenifunza kazi.

Wiki hiyohiyo alinipeleka kwenye bahari iliyoganda. Nilikuwa nimevaa soksi tatu za sufu alizonifumia Mama, na bado nililia machozi ya baridi, na machozi nayo yakaganda. Arvo akanipa mtambo wa kutoboa, akaniambia nitoboe mashimo kumi nipime barafu ina unene gani. Nikatoboa. Nikapata majibu kumi tofauti, na yote ni ndani ya uwanja usiozidi ule wa mpira wa shule ya msingi. Hapa barafu nyembamba ya juzi, pale kipande kizee cha mwaka jana kigumu kama jiwe la Thika, na kando vipande vimepandana mpaka vimefanya kilima. Mimi mjanja wa darasani nikajumlisha, nikagawanya kwa kumi, nikampelekea wastani.

"Nafula," akaniuliza, "ushawahi kuona meli ikigonga wastani?"

Nikasema hapana.

"Basi. Meli hugonga kipande. Na hakuna anayejua ni kipande gani."

Hiyo ndiyo kazi yenyewe, wajukuu zangu. Nyinyi mnadhani uinjinia ni kujua. Mimi nililipwa miaka yote hiyo kuchora kitu kitakachogongana na jambo lisilojulikana. Hujui barafu itakuwa nene kiasi gani. Hujui nahodha atakuwa mpole au mwendawazimu. Hujui miaka ishirini kutoka sasa bahari itakuwa imegeuka vipi. Na bado kesho asubuhi lazima uandike kwenye mchoro: bamba hili la chuma liwe na unene wa milimita kadhaa. Nambari moja. Chuma hakielewi "labda".

Kwa hiyo Arvo alikuwa na daftari. Ndilo hilo mezani. Kila mtu ofisini alikuwa na kurasa zake, yeye pia, na kila Jumatatu tukishakunywa kahawa alituuliza swali moja tu: "Wiki hii hujui nini?" Watu wanaandika. Mmoja anaandika, sijui barafu ya mtoni ina chumvi kiasi gani. Mwingine, sijui injini itavuta vipi ikirudi nyuma. Halafu tunapanga: hili tutaliuliza, hili tutalipima, hili halipimiki kwa hiyo tutaliwekea chuma cha ziada, kiasi hiki, na kila mtu akijua.

Mimi kurasa zangu zilikuwa nyeupe.

Wambui hapa ananiuliza, "Lakini shosho, si ukiandika hujui watakufuta kazi?" Ngai, mtoto huyu! Ndivyo nilivyowaza hasa. Shule niliyosoma, ukisimama ukasema "sijui" ulilambwa viboko viwili, na ukinyamaza ulilambwa kimoja. Kwa hiyo nilijifunza kunyamaza. Nilikuwa mweusi peke yangu katika ofisi ile, mwanamke wa pili, na wa kwanza kutoka mahali ambapo barafu huuzwa kwenye nailoni. Niandike "sijui"? Mimi? Nikawa nasema, "Wiki hii niko sawa, Arvo." Naye hunitazama kidogo, anasema haya, anaenda kwa mwingine.

Sasa kukaja ile meli.

Kulikuwa na mji mdogo mdomoni mwa mto, huko mbali, usiokuwa na barabara. Chakula chao, dawa zao, mafuta ya kupashia nyumba joto, vyote huja kwa meli kabla majira ya baridi hayajafunga bahari. Meli yao ya zamani ilikuwa imechoka, na safari ya mwisho ilikuwa imeshindwa kufika, watu wakaletewa vitu vichache kwa ndege. Mwenye meli akatupa sisi kazi ya kuchora mpya. Shida ilikuwa moja: mdomo wa ule mto una mchanga, maji ni kidogo. Meli ikiwa nyepesi mno, barafu inaipasua. Ikiwa nzito mno, inazama chini zaidi, tumbo linakwama kwenye mchanga, na mji unaiona kwa macho tu.

Arvo alikuwa amebakiza mwaka mmoja astaafu. Alitaka ile iwe meli yake ya mwisho, na aliutaka ule mji upate mafuta. Mimi kandarasi yangu ilikuwa ya meli hiyohiyo. Ikifa, narudi Makongeni.

Nilipewa bega la meli. Pua ni pale mbele kabisa, na bega ni pale ubavu unapoanza kunenepa baada ya pua. Kila mtu alijua barafu inagonga pua. Lakini bega linagongwa kwa nguvu gani meli inapokata kona? Sikujua. Vitabu vilikuwa vinakisia, na vilikuwa havikubaliani. Jumatatu ikifika nasema niko sawa. Halafu narudi mezani kwangu, naangalia huku na kule, naongeza milimita moja ya chuma. Wiki inayofuata nusu. Hakuna anayejua. Nilijiambia sina ubaya, Mama alinilea hivyo.

Na ni kweli alinilea hivyo. Mnajua gorogoro, ule mkebe wa mafuta ya kupikia tunaopimia nafaka. Mama alitufunza kwamba ukimpa mteja gorogoro iliyopanguswa juu ukaishia hapo, umemtusi. Lazima utie nyongeza, kiganja kimoja cha juu. Mtu asiyetia nyongeza Makongeni alijulikana mpaka mtaa wa jirani wa Kiandutu. Basi mimi nikatia nyongeza kwenye meli.

Ofisi ilikuwa na mama mmoja, Pirkko, kazi yake kujumlisha uzito wote: kila bamba, kila ubavu, kila bomba, mpaka vitanda vya mabaharia. Wiki moja kabla ya likizo ya kiangazi aliingia na karatasi mkononi, akakaa bila kuvua koti.

"Imezidi," akasema. "Tani mia mbili na zaidi. Haiingii mtoni."

Haiya! Arvo akauliza kila mmoja wetu, polepole, kama kuna mahali ameongeza. Kila mtu akatazama viatu vyake. Mimi nikavitazama vyangu sana. Mwenye meli akasema tukirudi likizo, tusipokuwa na jibu, anawapa wengine kazi. Halafu ofisi ikafungwa, kwa sababu kule kiangazi kikifika hata Mungu huenda likizo, na mimi nikapanda ndege kuja nyumbani nikiwa na mchoro ule kichwani kama mtu aliyebeba sufuria ya moto.

Jumamosi ya kwanza Mama aliniweka kazini. Hakuuliza kama nimechoka. "Injinia, kamata karatasi ufungie watu," akasema. Tulikuwa watatu kibandani. Wifi yangu Naliaka anachota kwa gorogoro, mimi nafunga, Mama anakabidhi na kupiga domo na wateja. Soko lilikuwa limejaa, ilikuwa raha, na kwa saa mbili tatu nikasahau barafu kabisa.

Halafu akaja Mama Njeri, jirani wa siku nyingi. Alikuwa ameagiza maharagwe ya aina ya nyayo, ya wageni wa ruracio, binti yake anatolewa mahari kesho yake. Mama alikuwa amemhesabia gunia moja litamtosha yeye na wateja wa asubuhi. Naliaka akainama ndani ya gunia, akainuka na mkebe nusu.

"Yameisha," akasema.

"Yameisha vipi?" Mama akachungulia gunia kana kwamba kuna mtu amejificha ndani. "Haki ya Mungu, gunia hili nimelipima mwenyewe! Nani alikuwa anaongeza?"

Naliaka, kwa sauti ndogo, akasema yeye huwa hapangusi, anaacha kilima juu, akiogopa mteja atasema wifi wa Bungoma ni mchoyo. Mama akanigeukia. Nikasema na mimi wakati wa kufunga nilikuwa natia kiganja kimoja, kidogo tu, kwa sababu sikuona kama Naliaka alikuwa ametia. Na Mama naye, kila akikabidhi, ametia kile chake cha kawaida mbele ya mteja.

Nilidhani atatugombeza. Mama alikaa chini kwenye gunia tupu akacheka mpaka akashika mbavu, Mama Njeri naye akacheka, ingawa ndiye aliyekuwa na wageni. Halafu Mama akafuta macho.

"Sikizeni, nyinyi wasichana," akasema. "Nyongeza ni moja. Inatoka kwa mkono mmoja, na inatiwa wazi, watu wakiona. Mkianza kunifichia wema, mtalisha soko lote na mwenye ruracio alale njaa. Kama hukujua mwenzako ametia, si ungeuliza?"

Wajukuu zangu, nilisimama pale na karatasi mkononi, maharagwe yananidondokea kwenye viatu. Tani mia mbili! Nikaziona zote. Mchora mbavu ameongeza akiogopa mchora bamba. Mchora bamba ameongeza akiogopa barafu. Pirkko akijumlisha ameongeza kidogo kwa usalama. Hakuna mwizi hapo. Kila mtu ni mwema, na meli imekwama kwenye mchanga.

Nikamwomba Mama ruhusa, nikatoka nje ya kibanda nikampigia Arvo. Alikuwa kwenye kibanda chake kando ya ziwa, anavua samaki. Nikasikia maji.

"Arvo," nikamwambia, "wiki hii sijui bega linagongwa kwa nguvu gani meli ikikata kona. Sijui tangu mwanzo. Nimeongeza milimita nne bila kumwambia mtu."

Nikasikia anaweka fimbo ya kuvulia chini.

"Asante," akasema. "Mimi nimeongeza mbili. Bega lote."

"Wewe? Kwa nini?"

"Kuna kitu sikujua," akasema, na akabadilisha maneno, akaniuliza hali ya hewa ya Thika. Mzee yule! Nilimwambia kuna jua, na kwamba nimeaibika. Akasema aibu haina uzito, chuma ndicho kina uzito, nirudi tukitoe.

Kuhusu ruracio msiwe na wasiwasi. Mama alizunguka kwa majirani, kila kibanda kikatoa gorogoro moja, wazi, nyongeza juu. Binti wa Mama Njeri aliolewa. Sasa ana maduka kule mtaa wa Githurai 45.

Tuliporudi kazini, Arvo aliweka daftari katikati ya meza. Mimi nikaanza. Sijawahi kushika kalamu nzito namna ile tangu nizaliwe. Nikaandika "sijui" yangu ya kwanza, herufi kubwa, na nilipoinua uso hakuna aliyeshika kiboko. Mchora mbavu akanipokonya kalamu akaandika yake. Pirkko akajaza ukurasa mzima, maskini, kumbe alikuwa na mengi kuliko sisi sote. Kufikia chakula cha mchana tulikuwa tunacheka kama watu waliotoka kuungama.

Na "sijui" yangu ilitupeleka wapi? Ilitupeleka kwa mpishi. Arvo alinichukua bandarini kwenye ile meli ya zamani, tuwaulize mabaharia bega linagongwa vipi. Nahodha akasema hakumbuki vizuri. Fundi wa injini akasema yeye hukaa chini, hasikii ila kelele. Lakini mpishi, mtu mnene wa furaha, akatufungulia kabati. Kwa miaka yote alikuwa anaandika kila sahani iliyovunjika, siku gani na mahali gani, kwa sababu mwenye meli alimshuku anaziuza. Sahani hazikuvunjika meli ikienda mbele. Zilivunjika ikikata kona kuingia mtoni, na kila mara zile za kabati la kushoto, palepale juu ya bega, hatua chache tu kutoka mwisho wa pua. Nyuma ya hapo, kimya cha miaka mingi.

Niliruka nikamkumbatia. Nilikuwa nimetia chuma bega zima, kumbe kipande cha kugongwa kilikuwa kifupi kama kibanda cha Mama. Hapo tukakiacha kinene. Kwingine tukapangusa. Yale ambayo hakuna aliyeweza kujua, kama bahari ya miaka ishirini mbele, tuliyawekea nyongeza moja, Arvo akaiandika kwa mkono wake, wote tukiona. Halafu tukabandika vipimo kwenye mbavu za meli, vya kumwonyesha nahodha chuma kinajikunja kiasi gani, ili kama tumekosea ajue mapema apunguze mwendo. Hilo nalo lishikeni, nyinyi mnaosomea kompyuta. Ukishachora, hujamaliza. Acha mlango ambao ukweli utaingilia baadaye. Kompyuta haina haya, itakupa jibu lenye nambari kumi baada ya nukta hata kama umeilisha uvumi.

Pirkko alijumlisha upya. Akavua koti. Meli iliingia.

Nilikuwa ndani safari ya kwanza. Barafu ikivunjika chini ya meli inasikika kama mahindi yanamwagwa kwenye mabati, gunia baada ya gunia, na mimi nilikuwa nacheka peke yangu kama mlevi. Tulipofika kwenye kona ya mto, nahodha akanigeukia. "Bega litahimili?" Nikamjibu, "Sijui. Lakini angalia kile kipimo, kitakuambia kabla halijashindwa." Akaangalia. Sindano ikapanda, ikasimama mbali na alama nyekundu, ikashuka. Jikoni hakukusikika sahani. Na ufukweni watu wa ule mji walikuwa wametoka wote na watoto wao, wanapiga sufuria kwa vijiko. Arvo alikuwa ubavuni kwangu, sweta lile lile. Nililia, na safari hii nilikuwa ndani penye joto, machozi hayakuganda.

Alipostaafu alinipa daftari. "Wewe ndiye uliyechelewa zaidi kuandika," akasema, "utalitunza zaidi." Nikaja nalo likizoni. Ilikuwa Makongeni, sebuleni kwa Mama, ndipo nikafungua kurasa zake yeye mwenyewe, ambazo sikuwahi kuzisoma, maana Jumatatu sisi tulisoma zetu kwa sauti, zake hakutusomea.

Jumatatu baada ya Jumatatu, mwaka mzima wa ile meli, alikuwa ameandika mstari mmoja uleule: *Sijui Nafula hajui nini.* Na chini yake, mahali fulani katikati ya mwaka: *Mpaka aseme, milimita mbili, bega lote.* Kisha siku ile ya simu, mstari umepita juu ya hayo yote, na neno moja: *Amesema.*

Nilimtafsiria Mama. Alikuwa anachambua maharagwe kwenye ungo, akaacha.

"Kwa hiyo ule uzito wa huyo mzee," akasema, "ulikuwa ni wewe kunyamaza."

"Ndiyo, Mama."

Aliinuka akachukua gorogoro, akaijaza maharagwe ya nyayo, akapangusa juu kwa kijiti, sawasawa. Halafu akachota kiganja kimoja, akakishika juu ili nione vizuri, akakimimina.

"Mpelekee," akasema. "Hicho cha juu ni cha zile milimita mbili."

Niliyapeleka. Arvo aliyapika bila kitunguu, akasema ni matamu sana.